Usivunjike moyo mwenzako akikutangulia kupunguza uzani

MAMA mmoja mwenye umri wa miaka 43 aliletwa katika kliniki yangu asubuhi ya Jumamosi akiwa ameshikiliwa na wenzake wawili. Alikuwa ameanguka katika kituo cha matatu akielekea kwenye mkutano wa chama chao. Midomo yake ilikuwa imekauka, moyo ukimwenda mbio, na kila aliposimama msukumo wake wa damu ulishuka. Usiku kucha, alisema, misuli ya miguu ilikuwa imemkaza.

Mama huyu nilimfahamu. (Nimebadilisha mambo machache hapa ili asitambulike.) Kwa miaka miwili nilikuwa nikimtibu ugonjwa wa shinikizo la damu, na dawa yake ilikuwa kidonge kimoja cha kuongeza mkojo kila asubuhi. Nilimuuliza kama alikuwa akiharisha au kutapika, akakana. Wenzake walipotoka chumbani ndipo alipotoboa siri: kwa siku nne mfululizo alikuwa akimeza vidonge vitatu kwa siku. Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya kupimwa uzani.

"Daktari, mwenzangu amepungua kilo nane," alisema akiinamisha uso. "Mimi ni nne tu, na tulianza pamoja. Nitaenda kusema nini?"

Mwezi wa Januari wanachama 12 wa chama hicho walikuwa wamekubaliana kupunguza unene. Kila mwezi kila mmoja alitoa Sh200, mizani ikaletwa sebuleni, na aliyepungua kilo nyingi kuliko wengine akabeba fedha zote. Mgonjwa wangu na rafiki yake walifanya kazi katika ofisi moja. Waliacha chipsi pamoja, wakaacha soda pamoja, na jioni wakatembea pamoja hadi nyumbani. Hata hivyo, rafiki ndiye aliyebeba fedha mwezi wa kwanza, na wa pili vilevile.

Mgonjwa wangu aligundua kwamba vidonge viwili vya mkojo vilimpunguzia kilo moja na nusu kwa usiku mmoja. Asilolijua ni kwamba alikuwa akipoteza maji, wala si mafuta. Pamoja na maji hayo ilitoka chumvi ya mwili na potasiamu, madini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa. Akipungukiwa sana na potasiamu, mtu anaweza kufa ghafla kwa moyo kwenda kombo. Bahati njema aliletwa mapema.

Kisa hiki si cha ajabu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii uliofanywa humu nchini mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba thuluthi moja ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliopita kiasi. Wengi hujaribu kupungua, na wengi huacha baada ya miezi miwili au mitatu. Ninapowauliza sababu, jibu ninalolisikia mara nyingi si njaa wala uchovu. Ni kwamba fulani alianza nami, na sasa tazama alivyo.

Kwa nini mmoja hupungua haraka?

Jambo la kwanza ni ukubwa wa mwili. Lori hutumia mafuta mengi kuliko gari dogo kupanda mlima uo huo. Vivyo hivyo, mwili mkubwa hutumia nguvu nyingi zaidi, hata ukiwa umelala. Rafiki ya mgonjwa wangu alianza akiwa na kilo 110. Mgonjwa wangu alianza na kilo 76. Wakila sahani sawa na kutembea mwendo sawa, ni lazima yule mkubwa atangulie.

Hebu tupige hesabu. Kilo nane katika kilo 110 ni kama asilimia 7. Kilo nne katika kilo 76 ni zaidi ya asilimia 5. Kwa kilo, rafiki amemshinda mara mbili. Kwa kadiri ya mwili wa kila mmoja, tofauti yao ni ndogo sana. Mgonjwa wangu alikuwa akilia bure.

Sababu ya pili ni jinsia na misuli. Kwa kawaida mwanamume ana misuli mingi kuliko mwanamke wa uzani sawa na wake, na misuli hutumia nguvu nyingi kuliko mafuta. Kwa hivyo, mke anayejilinganisha na mumewe anajitafutia huzuni. Aidha, wanawake wengi huhifadhi maji mwilini siku chache kabla ya hedhi, na mizani ikapanda hata kama hawakula cha ziada.

Sababu ya tatu ni maji yenyewe. Mwili huweka akiba ndogo ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na takriban gramu tatu za maji. Mtu akikatiza ghafla ugali, mkate na sukari, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka. Mizani inaweza kushuka kilo mbili au tatu katika wiki ya kwanza. Wengi husherehekea, kumbe mafuta yaliyotoka ni kidogo mno. Chakula kile kikirudi, maji nayo hurudi.

Sababu ya nne tumezaliwa nayo. Mwaka wa 1990, Claude Bouchard na wenzake wa Canada walichapisha utafiti uliohusu vijana wanaume 24, yaani jozi 12 za pacha wa kufanana. Walilishwa kalori 1,000 zaidi ya mahitaji yao, siku sita kwa wiki, kwa muda wa siku 100. Kwa wastani kila mmoja aliongezeka kilo 8.1. Lakini yuko aliyeongezeka kilo 4.3 tu, na yuko aliyeongezeka kilo 13.3. Ziada ilikuwa ileile! La kushangaza zaidi ni kwamba pacha wa tumbo moja walikaribiana sana. Ikiwa miili hutofautiana hivyo katika kunenepa, haifai kutarajia kwamba miili miwili itapungua kwa mwendo mmoja.

Tusijidanganye pia

Hata hivyo, si kila kuchelewa ni kwa sababu ya maumbile. Mwaka wa 1992 watafiti wa New York waliwachunguza watu waliodai kwamba hawapungui ingawa wanakula kidogo sana. Vipimo vilionyesha kwamba walikula karibu mara mbili ya walichoandika, na mazoezi waliyoyafanya yalikuwa machache kuliko waliyoyasema. Hawakuwa waongo. Ni vigumu mno kukadiria tunachokula.

Nami huona hayo kila wiki. Mgonjwa huniambia alikula ugali kidogo na sukuma wiki. Ni kweli, lakini hakuhesabu mafuta ya kukaangia. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori zipatazo 120, na mboga za familia nyingi humiminiwa vijiko vinne au vitano. Hakuhesabu chai mbili za maziwa na sukari ofisini, wala mandazi ya saa nne. Soda ya mililita 300 ina sukari ya kama vijiko saba vya chai. Kabla ya kuulaumu mwili wako, andika kwa siku saba kila kinachoingia mdomoni, hata kile ulichoonja ukipika.

Mizani si hakimu wa pekee

Wiki mbili kabla ya kuanguka, mgonjwa wangu alikuwa amekuja kuonwa. Nilifungua faili yake nikamsomea. Mwezi wa Januari msukumo wake wa damu ulikuwa 156 kwa 98 ingawa alikuwa akitumia dawa. Mwezi wa Machi, kwa dawa ileile na kabla hajaanza kuizidisha, ulikuwa 138 kwa 86. Kiuno kilikuwa kimetoka sentimita 101 hadi 95. Ngazi za ofisi yao, ambazo zamani alizipanda kwa vituo viwili, alikuwa akizimaliza bila kusimama.

"Kwani haya ni ya hizo kilo nne?" aliniuliza.

Ndiyo, pamoja na kutembea kwake. Sisi madaktari tunajua kwamba mtu mnene akipungua asilimia 5 hadi 10 ya uzani wake, msukumo wa damu na sukari mwilini huanza kutengenea. Mwaka wa 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani wa zaidi ya watu 3,000 waliokuwa karibu kuugua kisukari. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzani na kufanya mazoezi kama ya kutembea kwa dakika 150 kila wiki. Baada ya miaka mitatu hivi, idadi ya waliougua kisukari katika kundi hilo ilikuwa chini kwa asilimia 58 ikilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hakuna aliyeulizwa kama amemshinda jirani yake.

Ya kufanya

Ikiwa nawe umeachwa nyuma, yafaa ufuate mambo haya.

Jipime mara moja tu kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kwenda msalani na kabla ya kiamshakinywa. Tumia mizani moja. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na mwezi mzima unasema ukweli kuliko wiki moja.

Pima kiuno pia kwa utepe wa fundi cherehani. Kwa mwanamke, hatari huanza kuongezeka kuanzia sentimita 80, na kwa mwanamume 94. Kiuno kinaweza kupungua wakati mizani imesimama.

Jiwekee lengo la tendo, si la kilo. Huwezi kuuamrisha mwili upungue kilo mbili, lakini unaweza kuteremka matatu kituo kimoja kabla ya kwako na kutembea dakika 30, siku tano kwa wiki. Ukitimiza hilo umefaulu, hata mizani ikinyamaza.

Jaza nusu ya sahani kwa mboga kama sukuma wiki, kunde au kabeji. Robo iwe ugali, wali au viazi, na robo iwe maharagwe, ndengu, samaki au nyama isiyo na mafuta. Usishinde na njaa mchana ili ufidie usiku.

Tarajia kusimama. Baada ya miezi kadhaa mwili uliopungua huhitaji chakula kidogo kuliko awali, na kasi hupungua hata kwa yule aliyekutangulia.

Usimkimbie rafiki yako. Tembeeni pamoja na mpike pamoja, lakini kila mtu ajipimie kwake.

Wakati wa kumwona daktari

Ikiwa umejitahidi kwa dhati kwa miezi mitatu bila badiliko lolote, tafuta ushauri. Ukihisi baridi na uchovu daima, huenda tezi ya koo haifanyi kazi ipasavyo. Hedhi isiyo na mpango, pamoja na nywele kuota kidevuni, nayo ina maana yake. Dawa fulani, kama vile insulini, prednisoloni, baadhi ya dawa za msongo wa mawazo, sindano za kupanga uzazi na baadhi ya dawa za kudhibiti virusi vya HIV, zinaweza kuongeza uzani. Usiache dawa yoyote kwa ajili ya mizani. Zungumza kwanza na aliyekuandikia.

Jihadhari pia na vidonge na majani ya chai ya kupunguza tumbo yanayouzwa mitaani. Dawa iitwayo sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka wa 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, lakini imepatikana mara nyingi imefichwa ndani ya bidhaa ziitwazo za miti shamba. Dawa za kuharisha nazo hutoa maji tu.

Na kabla ya kumwonea wivu anayepungua kwa kasi, kumbuka kwamba kupungua bila kujaribu si sifa. Kunaweza kuwa dalili ya kisukari au kifua kikuu. Mwenzako akiwa hivyo, mwambie apimwe.

Mgonjwa wangu alilazwa usiku mmoja akaongezewa maji na potasiamu, akarudi kwenye kidonge chake kimoja. Aliwaeleza wanachama wenzake yote aliyoyafanya. Haikuwa rahisi, lakini siku hiyohiyo walibadilisha sheria. Mizani ilirudishwa chumbani kwa mwenyewe, na fedha sasa hubebwa kwa zamu na kila aliyetembea siku 20 katika mwezi.

Alipokuja mwezi wa Septemba alikuwa na kilo 69. Rafiki yake, aliniambia, alikuwa amekwama kwenye kilo 100 kwa wiki saba na alikuwa akitaka kuacha.

"Nawe ulimwambia nini?" nilimuuliza.

"Nilimpitia saa kumi na moja na nusu jioni, Daktari. Nikamwambia achukue viatu vyake twende."