Farasi Hana Deni Lako

Kwa mara nyingine, na safari hii kwa waraka wa kurasa tatu, nimeletewa swali ambalo nimekwisha kulijibu hata wino wangu unaona haya: "Daktari, farasi wangu ameshindwa mara saba mfululizo pale Ngong, je, Jumapili ijayo si zamu yake?" Muulizaji hakuniomba dawa ya moyo wake, ambao kwa maelezo yake mwenyewe hupaa mawinguni farasi watokapo vizimbani na kuzama kabla vishindo vya kwato havijanyamaza, aliomba utabiri. Basi na aniwie radhi nikijibu maradhi badala ya swali.

Maradhi yenyewe ni kudhani kwamba hasara ni akiba, yaani kwamba kila farasi ashindwapo huandika deni kwa jina la mshabiki wake, na siku ya kulipa haina budi kuwadia. Hakuna deni. Lau zamu ingekuwapo, asingeikosa Haru Urara, farasi jike wa Kochi, Japani, aliyekimbia mara 113 asishinde hata moja. Na tarehe 22 Machi 2004, alipopandwa na Yutaka Take, bingwa wa wapanda farasi wa nchi ile, mbele ya hadhara iliyofurika uwanja, alimaliza wa kumi kati ya kumi na mmoja. Zippy Chippy wa Marekani naye alitimiza mbio 100 akastaafu mikono mitupu, kama farasi angekuwa na mikono. Washabiki wa Haru Urara, ajabu yao, walinunua tikiti zake wakijua fika kwamba atashindwa, wakaziweka ziwe hirizi ya kuwakinga na ajali za magari, kwa kuwa Kijapani husema tikiti ya namna hiyo "haigongi". Mimi siandikii watu hirizi, lakini nakiri kwamba hao walirudi makwao na nyoyo nyepesi, maana hawakumdai mnyama kitu.

Hapa mjuzi mmoja hunikatiza, akinikumbusha kwamba katika mbio za kusawazishwa uzito farasi anayeshindwa hupunguziwa mzigo. Ni kweli, lakini orodha ya mizigo husomwa na kila mtu, na maadamu katika dau la pamoja fedha zote hutiwa mfuko mmoja, mwendeshaji akatoa fungu lake kwanza ndipo washindi wagawane kilichosalia, kadiri watu wanavyomkimbilia huyo aliyepunguziwa ndivyo malipo yake yanavyosinyaa. Wepesi wa mzigo ni sababu ya kushinda. Wingi wa kushindwa si sababu ya lolote, ila pengine ya kumshuku farasi mwenyewe.

Dhana hii ina mwana aliye mbaya kuliko mama, nayo ni tiba inayonadiwa vibarazani: ukishindwa, zidisha dau maradufu, utarejesha yote. Aanzaye na shilingi 100 akashindwa mara kumi amekwisha kutoa shilingi 102,300, na mara ya kumi na moja atatakiwa aweke 102,400, ili farasi anayelipa mara mbili ya dau akishinda, yeye ajipatie faida ya shilingi 100. Nauliza kwa heshima zote: huyu ni mgonjwa au ni mfadhili? Na kushindwa mara kumi si muujiza, kwani hata farasi anayependelewa na wengi hushinda takriban mara moja tu katika tatu.

Yaliyosalia nayataja upesi. Kadiria fedha zako kabla ya kutoka nyumbani, nyingine ziache. Usirudishe hasara ya leo leo. Kushindwa kwa pua ya farasi ni kushindwa, usikuite "nusura". Tazama mbio moja bila dau: moyo ukidunda vilevile, wewe ni mshabiki, usipodunda, ni kamari uliyoifuata, si farasi. Na ukiona umeanza kukopa, kumficha mkeo tikiti, au kukesha usiku wa Jumapili, njoo tuzungumze, kwani tiba ipo; ila ufikapo mlangoni, tafadhali, usiniulize zamu ya nani.