Gugu Maji, Fukusi na Kichocho Baada ya Mafuriko

Katika vituo vya afya vilivyo kandokando ya Ziwa Victoria, taarifa ya mafuriko huwaandaa wahudumu kukabili kipindupindu na malaria. Maandalizi hayo ni sahihi, ila hayatoshi. Miezi kadhaa baada ya mvua kukatika, hatari nyingine huota ufukweni, na wakati huo ni wachache wanaoihusisha na mvua zilizopita.

Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini na kuonekana ziwani humu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 17,000 upande wa Kenya pekee, hasa katika Ghuba ya Winam. Chini ya zulia hilo maji hutulia na kivuli hutanda. Konokono wanaoeneza kichocho cha matumbo hupata humo makao na chakula, na upepo unapolisukuma zulia hilo hadi ufuko mwingine, nao husafiri pamoja nalo.

Nafuu ililetwa na mdudu mdogo. Kuanzia mwaka 1995, aina mbili za fukusi wa asili ya huko huko Amerika ya Kusini, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, ziliachiliwa ziwani. Fukusi mpevu hukwangua majani; mabuu wake hutoboa vikonyo hadi kwenye kiini cha mmea, kisha hujifunika katika kifuko kilichoshikizwa kwenye mizizi hai iliyozama majini. Udhaifu wake uko hapo.

Ukame unaposhusha kina cha ziwa, kama ilivyokuwa kati ya mwaka 2004 na 2006 (ingawa maji mengi yaliyofunguliwa kwenye mabwawa ya Jinja nayo yalichangia), gugu hukwama kwenye tope. Mizizi haielei tena, na fukusi hukosa mahali pa kukamilishia ukuaji wake. Mbegu za gugu, kinyume chake, hustahimili tope kwa miaka mingi zikisubiri maji.

Maji hayo huja na mafuriko. Mito kama Nyando hushusha udongo na mbolea kutoka mashambani, na miche huchipua kwa wingi. Mawimbi nayo huwa yamekwisha kupasua mazulia ya zamani na kuyazamisha pamoja na mabuu yaliyomo. Gugu lenye rutuba huweza kuongezeka maradufu katika muda wa wiki mbili hivi. Fukusi huhitaji takriban miezi mitatu kutoka yai hadi utu uzima. Ndivyo ilivyotokea Winam: baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2006, gugu lilirudi kwa kishindo.

Wanasayansi wamebishana iwapo kupungua kwa gugu baada ya mwaka 1998 kulitokana na fukusi au na hali ya hewa ya El Niño. Ubishi huo una faida yake, lakini mmea uliokwisha kuliwa kiini hauhitaji dhoruba kubwa ili uzame, na yaelekea sababu zote mbili zilisaidiana.

Kwa mhudumu wa afya, miezi hiyo ambayo gugu humtangulia fukusi ndiyo ya kuangaliwa. Mvuvi, mchota maji au mtoto anayelalamika maumivu ya tumbo na kuharisha damu aulizwe kama huingia ziwani, na choo chake kipimwe mayai ya kichocho. Dawa ya prazikwanteli ipo na huponya. Wanaong'oa gugu kwa mikono wavae mabuti na glavu ndefu, na mimea yenye makovu ya fukusi iachwe kiasi ili mdudu azaliane. Maji ya kuogea yachujwe konokono, kisha yalazwe chomboni kwa siku mbili, maana vimelea wa kichocho hawadumu zaidi ya hapo nje ya konokono. Ya kunywa yachemshwe.