Karata za Taroti na Mtu Aliyekwama

Kuna siku mwanafunzi huamka, akavaa sare, akafika shuleni na kuitika jina lake linapoitwa, lakini moyoni anajua kwamba hayupo. Vipindi vinapita, wiki zinapita, naye amekwama kama gari kwenye tope. Hali hii huwapata wengi wetu, ila twaificha. Katika makala haya nitaeleza jinsi watu wengine wanavyoitafutia dawa kwa karata za taroti, kisha niseme tuchukue lipi na tuache lipi.

Kwanza, taroti ni nini? Ni karata 78. Kati yake, 22 ni za picha kama vile Mpumbavu, Mwezi, Jua na Mtu Aliyening'inizwa. Zile 56 zinazobaki zimegawanywa katika mafungu manne: vikombe, panga, sarafu na fimbo. Msishangae, mafungu haya hata sisi tunayo! Wachezaji karata wa Kiswahili husema kopa, shupaza, uru na pao. Majina hayo yalitoka kwa Wareno, na katika lugha yao maana yake ni vikombe, panga, dhahabu na fimbo. Kwa hivyo taroti na karata zinazochezwa barazani ni ndugu wa ukoo mmoja.

Wapo wanaodai kwamba taroti ni siri ya Misri ya kale. Si kweli. Karata hizi zilianzia kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na zilikuwa za mchezo tu. Dai la Misri lilitolewa na Mfaransa Court de Gébelin mwaka 1781, wakati ambapo hakuna aliyeweza kusoma maandishi ya kale ya Misri. Champollion aliyafumbua mwaka 1822. Karata za taroti zinazojulikana zaidi leo zilitolewa London mwaka 1909, na aliyezichora ni mwanamke, Pamela Colman Smith.

Anayetafuta mwongozo huchanganya karata, akatoa tatu na kuzipanga: ya kwanza ni ya yaliyopita, ya pili ya sasa, ya tatu ya yajayo. Kisha husoma picha. Chukua Panga Nane. Mwanamke amefungwa kitambaa machoni na kamba mwilini, panga zimechomekwa ardhini kando yake. Lakini tazama vizuri: miguu yake haijafungwa, na mbele yake njia iko wazi. Katika Vikombe Vinne, kijana ameketi chini ya mti, amekunja mikono. Vikombe vitatu viko mbele yake, na mkono unatoka winguni ukimpa cha nne, naye wala hauangalii.

Je, karata inamjua mtu? Hapana. Mwaka 1948, mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani ameandikiwa yake peke yake. Walipoulizwa kama ni ya kweli, waliyapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5. Kumbe wote walikuwa wamepewa maneno yale yale, yaliyookotwa katika kitabu cha unajimu! Maneno ya jumla ni kama kanzu pana, humtosha kila mtu. Ndivyo mpiga ramli anavyotunasa.

Hata hivyo, picha ina kazi moja ya kweli: humuuliza mtu swali ambalo hajajiuliza. Nilipoiona Panga Nane katika kitabu kimoja, sikuiuliza kesho yangu. Nilijiuliza, kitambaa changu mimi ni kipi? Nikachukua kalamu nikaandika. Jibu halikuwa hesabu, wala karo. Lilikuwa nyanya yangu, aliyefariki mwaka jana muhula wa pili. Tangu tumzike, hakuna mtu nyumbani aliyelitaja jina lake, ati tusimlize mama. Jioni ile tukinywa chai nikasema, "Nyanya angekuwepo, angesema haya ni maji." Mama alicheka, kisha akalia, kisha akanisimulia habari za nyanya hadi taa ikaisha mafuta. Sisemi kwamba huzuni imekwisha. Lakini siku hizi ninaweza kusoma ukurasa mzima nikajua nilichosoma.

Basi mwenzangu, huna haja ya kununua karata wala kumlipa mtu akusomee. Chukua karatasi, ujibu maswali matatu. Ni nini kinachonifunga? Ni nini kilicho wazi mbele yangu nami sikitazami? Ni nani nitakayemwambia leo? La tatu ndilo kubwa, kwa sababu karata haina masikio. Na ikiwa huzuni inakaa wiki baada ya wiki, hulali wala huli, usingoje picha yoyote. Mwone mwalimu wa ushauri nasaha, au mtu mzima unayemwamini. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua.