Mnada Baada ya Ibada

Katika sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kiluteri Tanzania (KKKT), ibada ya Jumapili haiishii kwenye baraka. Mchungaji, wazee wa kanisa, kwaya na waumini hutoka wakiimba, husimama uani kwa sala fupi, kisha mnada huanza.

Vinavyonadiwa ni sadaka za mazao zilizoletwa madhabahuni asubuhi ile. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro huwapo mkungu wa mshare, maparachichi, maharage, jogoo aliyefungwa miguu, chupa ya maziwa, mayai mawili matatu. Mzee wa kanisa mwenye sauti nzito huinua kimoja kimoja, watu hucheka na kushindana, bei hupanda. Yai likianza kwa shilingi 500 na kufika 5,000, hakuna anayeshangaa. Pengine mnunuzi hulipa, kisha hukirudisha alichonunua kinadiwe tena, au humkabidhi mjane aliyesimama pembeni.

Fedha huingia kwenye hesabu za usharika. Lakini uzuri wa desturi hii uko kwa mtoaji: asiye na mshahara huleta alichovuna, nacho huthaminiwa mbele ya wote.

Desturi hii imekaa vizuri katika jamii iliyozoea kubebana. Wamisionari wa Kiluteri kutoka Leipzig, Ujerumani, walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, waliwakuta Wachaga wameunganishwa na ukoo, ujirani na rika. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Old Moshi hadi 1938, alifundisha kwamba vifungo hivyo ni zawadi ya Mungu, na kwamba kanisa halina budi kujengwa juu yake. Vijana wa kipaimara aliwapanga katika vikundi vidogo ili waangaliane.

Hata leo, miaka sitini na zaidi tangu makanisa saba ya Kiluteri yaungane kuwa KKKT mwaka 1963, kipaimara ni jambo la ukoo mzima. Mtoto husoma Katekisimu Ndogo ya Luther kwa takriban miaka miwili. Siku yake ikifika, ndugu husafiri kutoka mbali na majirani hushika masufuria.

Mijini ibada hufuatana, muda ni mfupi, na sadaka nyingi hupita kwenye simu. Usharika unaofikiria kuufuta mnada ili kuokoa nusu saa uwasikilize kwanza wale ambao sadaka yao haiingii kwenye bahasha.