Ndege wa Pwani Yetu (2): Waliorudi Mjini

Juma lililopita tulimwacha kunguru wa Bara Hindi juu ya mapaa ya Unguja, alikopelekwa miaka ya 1890 ili asafishe taka. Alizisafisha, kisha akageukia viota vya wenzake. Leo tuwatazame aliowafukuza, na jinsi walivyorudi.

Kunguru hana pupa. Hutua jirani akamtazama shore akiingia na kutoka kichakani. Akishajua kiota kilipo, huja na mwenzake. Mmoja humchokoza mwenye nyumba, wa pili huondoka na yai au kinda. Msimu baada ya msimu, ndege wadogo wakauhama mji.

Miaka ya 1990 Zanzibar ikaanza kuwapunguza kunguru kwa mitego na kwa sumu iliyopakwa kwenye vipande vya nyama. Sumu yenyewe huharibu figo polepole. Kunguru hula leo, akafa saa nyingi baadaye, mbali na chambo, na wenziwe wasijue kilichomuua. Werevu wake wote ukaishia hapo. Kunguru walipopungua, ndege wadogo wa asili wakaonekana tena mjini. Hakuna aliyewarudisha kwa tundu. Walikuwapo mashambani muda wote, walichokosa ni nafasi. Dar es Salaam nayo ilianza kampeni yake mwaka 2010.

Mbona basi kunguru wamejaa tena? Kwa sababu kazi ililegea, waliosalia wakazaana, na majalala yalikuwa pale pale. Kunguru huyu hakai porini, riziki yake ni mabaki ya binadamu. Kenya ilitangaza mwaka 2024 kwamba itaangamiza kunguru milioni moja. Mimi naona hesabu ya maiti haina maana kubwa kama meza yao bado imeandaliwa.

Na hapa Kigombe tunaiandaa wenyewe. Samaki hupasuliwa ufukweni, matumbo na matamvua yakaachwa mchangani. Basi wavuvi na mama wauza samaki, yafukieni au yafunikeni kabla ya kuondoka. Wenye miembe, bomoeni viota vyao kabla hawajataga. Mtavitambua kwa vipande vya waya vilivyosokotwa humo. Ila mtu asithubutu kutega sumu ya shambani. Ile ya Zanzibar ni kazi ya wataalamu wenye kibali. Hii ya dukani itaua kuku, paka na huyo shore tunayemtaka arudi.