Jina la Kubaki, Jina la Kuondoka

Programu huria inauzwa, na hakuna haramu ndani yake. Leseni ya MIT, mojawapo ya zile fupi kabisa, inamruhusu yeyote kuinakili programu, kuibadilisha na kuifanyia biashara. Inachodai ni kwamba tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yenyewe yafuatane na kila nakala. Sharti dogo hilo ndilo wauzaji wengi wanalolipuuza, wakidhani kilichotolewa bure hakina mwenyewe.

Mahakama za Marekani zililazimika kuliamua jambo hili. Robert Jacobsen, mwanafizikia wa California, aliongoza mradi wa JMRI, programu ya kuendeshea treni ndogo za mfano. Kampuni ya Matthew Katzer ikachukua baadhi ya faili za mradi huo, ikaziingiza katika programu yake ya kuuza, bila majina ya watunzi wala tangazo la hakimiliki. Mahakama ya kwanza iliona kuwa hilo ni suala la mkataba tu. Agosti 2008, Mahakama ya Rufaa ya Federal Circuit ikakataa: masharti ya leseni ndiyo mipaka ya ruhusa, na anayeyavuka anaweza kushtakiwa kwa kukiuka hakimiliki. Tena ilitambua kuwa mtunzi asiyedai fedha huenda anajenga sifa yake. Kwangu mimi, huo ndio moyo wa hukumu ile. Ukimfutia mtu huyo jina, umemnyima ujira wake wote.

Nembo ina sheria nyingine. Mwaka 2006, Debian, mradi wa mfumo endeshi huria, walitaka kusambaza kivinjari cha Firefox bila nembo rasmi na kikiwa na marekebisho yao. Mozilla, wenye Firefox, wakasema kwa hali hiyo jina Firefox lisitumike. Debian wakakiita Iceweasel hadi 2016. Msimbo ulikuwa huru muda wote huo, na matangazo ya hakimiliki ya watunzi yalibaki ndani. Jina la sokoni ndilo lililoondoka.

Kwa hiyo kampuni ya Nairobi au Dar es Salaam inayouza mfumo uliojengwa juu ya DHIS2, programu ya takwimu za afya inayotumika Kenya na Tanzania, ina kazi mbili. Leseni ya DHIS2, BSD ya vifungu vitatu, inataka tangazo la hakimiliki lionekane pia katika nyaraka au vitu vingine vinavyokwenda na bidhaa. Kifungu cha tatu kinakataza kulitumia jina la mwenye hakimiliki, yaani Chuo Kikuu cha Oslo, kuipigia debe bidhaa hiyo bila idhini ya maandishi.