Bro Anauza Ploti ya Buda Kitengela? Soma Hii Kwanza

Matanga imeisha juzi, na bro mkubwa ashaleta mteja wa ile ploti ya buda Kitengela. Tulia kwanza. Sheria ya Urithi, Sura 160, haimruhusu mtu yeyote kugusa mali ya marehemu bila idhini ya korti. Ukipatikana, ni faini hadi Sh10,000, mwaka mmoja ndani, ama zote mbili. Hata akipewa usimamizi, ploti haiuzwi kabla korti ithibitishe mgao.

Kama buda hakuacha wosia na alikuwa na bibi mmoja, mathe anashikilia mali akiwa hai. Akienda, watoto wanagawana sawa, hata sista aliyeolewa.

Kajiado iko na kona yake: shamba na mifugo huko ziliachiwa mila. Lakini ploti ya ndani ya mji haihesabiwi shamba, na Katiba ya 2010 inasema mila inayoipinga ni bure.

So fuatilia mapema barua ya chifu inayotaja warithi. Wakikuruka, una siku 30 kutoka tangazo la Gazeti Rasmi kupeleka pingamizi kortini. Usilale.